Faili Lako Si Bovu, na Kompyuta za Sumbawanga Hazijarogwa

Kila mwanachuo anayesoma makala hii ameshawahi kusimama pale steshenari ya getini saa mbili usiku, asaimenti iko kwenye flashi na mwisho wa kukusanya ni kesho asubuhi. Dada wa steshenari anachomeka flashi, anafungua faili, na wewe unaona kitu ambacho hukukiandika. Jedwali limekatika katikati, namba za kurasa zimeruka, jina la mhadhiri limesukumwa ukurasa wa pili, alama za hesabu zimegeuka viboksi vitupu. Unalalamika, "Dada, kwangu ilikuwa sawa kabisa." Anakujibu bila kukuangalia, "Faili lako bovu, kaka." Unaprinti hivyo hivyo, unalipa, unarudi hosteli na hasira zako.

Jamani, faili lile halikuwa bovu. Kompyuta ya dada nayo haikuwa mbovu. Vitu viwili vizima vilikutana bila kuelewana, basi. Kwako wewe hasara yake ni alama mbili tatu za mpangilio wa kazi. Ila kwa sisi tunaosomea ualimu hasara yake ni kubwa kuliko hiyo, na nitaeleza kwa nini kwa kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Shule sitaitaja, maana walimu wake walinipokea kama ndugu na hawana kosa lolote katika haya. Julai ya Ufipa si mchezo. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wa asubuhi unakata masikio, na wanafunzi wanaingia darasani wamevaa masweta mawili mawili. Shule ilikuwa na chumba kimoja chenye kufuli mbili mlangoni. Ndani kulikuwa na kompyuta kumi za msaada, zote nyeusi, zote za umbo moja, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni.

Somo langu ni Jiografia, na Kidato cha Pili walikuwa kwenye Bonde la Ufa. Mahali pa kufundishia mada hiyo hapa nchini pazuri kuliko Rukwa sipajui. Ukifika ukingoni kule Lyamba lya Mfipa, bonde la Ziwa Rukwa unaliona limelala chini yako karibu mita elfu moja. Wanafunzi wangu bonde walishaliona. Wasichoweza kuona ni jinsi lilivyotokea, ardhi ikipasuka na kushuka kwa mamilioni ya miaka. Nikasema hapa ndipo kompyuta inafaa. Nikaandaa slaidi pamoja na programu ndogo ya kuonyesha mwendo ule, nikakesha siku tatu kwenye mpakato wangu. Wiki mbili kabla ya kipindi nikawaahidi: "Tutaingia chumba cha kompyuta."

Siku ilipofika, binti mmoja wa dawati la mbele alikuja amekata kucha na kunawa mikono mara mbili, kwa sababu aliambiwa kwamba kipanya cha kompyuta hakishikwi na mikono michafu. Hakuwahi kukishika maishani mwake.

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya kwanza. Slaidi zikafunguka kama ukurasa wa alama za ajabu: mraba, mkwaju, mraba. Programu ikakataa kabisa, ikatoa ujumbe kwamba haitambuliki. Ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Ya nne slaidi zilifunguka, lakini maandishi yamepandana na picha zimekimbilia pembeni. Ya saba iliganda mpaka tukaizima kwa kuchomoa waya. Kompyuta kumi, sura moja, majibu matatu tofauti. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Mwalimu, zimerogwa?"

Darasa likaangua kicheko. Mnajua sifa ambayo watu wa mbali wameipa Sumbawanga. Ukimwambia mtu wa Dar umepangiwa huko, anakupa pole na kukuuliza kama umeaga vizuri nyumbani. Wenyeji wenyewe wanakwambia jina la mji wao lina maana ya kinyume: sumba wanga, yaani tupa uchawi. Na mimi, mwalimu mtarajiwa niliyetumwa pale kutupa uchawi kwa elimu, nikasimama mbele ya watoto sina jibu. Nikasema, "Ni tatizo la mtandao."

Ulikuwa uongo. Chumba kile hakikuwa na mtandao.

Kipindi nilikiokoa kwa vitabu vitatu. Unavibana pamoja vikiwa vimesimama, unavuta viwili vya pembeni kidogo kidogo, cha katikati kinashuka. Hilo ndilo bonde la ufa. Walielewa, na mkaguzi angekuwepo pengine angenipa alama nzuri. Ila yule binti alirudisha mikono yake ndani ya mikono ya sweta, akaandika maelezo kama siku zote. Jibu langu la "mtandao" lilimfundisha kwamba kompyuta ni kitu kinachokataa bila sababu, na hata mwalimu wake hajui kwa nini.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi mjini kwa fundi mmoja anayetengeneza kompyuta na simu. Nikamsimulia yote. Hakuhitaji hata kuziona. "Mdogo wangu," akaniambia, "hizo zinafanana koti tu. Ndani kila moja na mambo yake." Kwa dakika kumi akanichambulia. Programu yangu ilitengenezwa kwa mashine za biti 64, zile nyingi ni za biti 32. Slaidi zangu nilizihifadhi kwa muundo mpya wa faili, na programu zilizomo mle ni za kabla muundo huo haujazaliwa. Ile ya nne ilikuwa imewekewa programu mpya zaidi kidogo, lakini haikuwa na fonti niliyoitumia, ikachukua nyingine yenye herufi pana, ndiyo maana maandishi yakapandana. Iliyoganda ilikuwa na kumbukumbu ndogo. "Yaani umechonga mpini wa jembe ambalo hujaliona," akamaliza.

Mfano ule ulinikaa, kwa sababu Ufipa ni nchi ya chuma. Kabla ya majembe ya dukani, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Masalia ya malungu yale bado yapo kwenye uwanda. Sasa fikiria mchonga mipini. Hakuhitaji kujua siri za ilungu wala kumjua mhunzi. Alihitaji kujua kitu kimoja: umbo la msuka, ile ncha ya jembe inayoingia kwenye mpini. Msuka ukibadilika bila yeye kuambiwa, mpini wake utabaki kuwa mti mzuri usiolima. Lugha ya darasani kwa jambo hili ni upatanifu. Fundi aliita kuelewana, na mimi nimelipenda zaidi neno lake.

Nilimuuliza kwa nini watengenezaji wasikubaliane tu. Akacheka: "Hiyo vita ni ya zamani kuliko wewe." Niliporudi chuoni nikaanza kuisoma vita hiyo, na nikakuta kwamba yaliyonipata Sumbawanga yaliwapata watu wa Marekani na Uingereza miaka zaidi ya 40 iliyopita, karibu vile vile.

Agosti 12, 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, IBM PC. Ilikuwa na haraka, kwa hiyo haikutengeneza kila kitu yenyewe. Prosesa ilichukua ya Intel, iitwayo 8088. Mfumo endeshi ilichukua wa Microsoft. Vipande vingi vilikuwa vinapatikana sokoni kwa yeyote mwenye fedha. Kitu ambacho kilikuwa mali ya IBM kisheria ni BIOS, programu fupi iliyochomwa ndani ya chipu, inayoiamsha mashine na kuzipokea amri za kusoma kibodi, kuandika kwenye skrini na kugusa diski. Huo ndio msuka wa jembe lile.

Microsoft nayo haikujifunga kwa IBM peke yake. Mfumo ule ule iliuita MS-DOS na kuwauzia wengine. Zikatokea kompyuta nyingi zinazotumia MS-DOS: Rainbow 100 ya kampuni ya DEC mwaka 1982, Tandy 2000 mwaka 1983, Apricot ya Uingereza mwaka huo huo. Mnunuzi aliingia dukani, akaona MS-DOS, akaona kibodi na skrini, akasema hii ni ile ile, tena Tandy 2000 ilikuwa na kasi kuliko IBM yenyewe. Akalipa. Akafika ofisini na programu yake ya mahesabu, Lotus 1-2-3, iliyoanza kuuzwa Januari 1983 na kupendwa na kila mhasibu. Akaiweka. Haikukubali.

Kwa nini? Kuna njia ya adabu na njia ya mkato. Kwa njia ya adabu, programu inauomba mfumo endeshi, mfumo endeshi unaiomba BIOS, na BIOS ndiyo inaandika herufi kwenye skrini. Kila programu ingepita njia hiyo, zingeelewana na mashine nyingi. Lakini mashine za wakati ule zilikuwa taratibu, na njia ya adabu ilikuwa ndefu. Waandishi wa programu wakaipiga chenga. Lotus 1-2-3 ilipeleka herufi moja kwa moja kwenye eneo la kumbukumbu ambamo IBM ilikuwa imeweka picha ya skrini. Kwenye mashine ya IBM ilikimbia vizuri ajabu. Kwenye mashine ambayo skrini yake ilikuwa na anwani nyingine, herufi zilitumwa kwenye nyumba isiyo na mtu. Mwenye mashine ya namna hiyo ilibidi atafute toleo lililotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, kama lilikuwepo.

Kulikuwa pia na suala la kasi. Prosesa ya IBM PC ilienda kwa megahezi 4.77, na baadhi ya michezo iliandikwa ikitegemea mwendo huo kama saa. Ukiucheza kwenye mashine ya megahezi 8, adui anakumaliza kabla hujagusa kibodi. Ndiyo maana kompyuta nyingi zilizofuata zilikuwa na kitufe cha "Turbo" ambacho kazi yake ya kweli ilikuwa kukupa nafasi ya kuipunguza mashine kasi ili programu za zamani zifanye kazi. Watu walinunua mashine ya haraka, kisha wakatafuta namna ya kuichelewesha.

Waliofaulu ni wale walioelewa kwamba kufanana kwa nje hakutoshi. Compaq, kwa kompyuta yake ya kubebeka iliyotangazwa mwishoni mwa 1982 (kubebeka kwa jina, maana ilikuwa na kilo karibu 13), ilifanya kazi ya subira. Kundi moja la wahandisi liliisoma BIOS ya IBM na kuandika orodha ya inachokifanya. Kundi la pili, ambalo halikuruhusiwa kuiona BIOS hiyo, likaandika nyingine mpya kwa kufuata orodha tu. Kunakili ni kosa; kutimiza mapatano yale yale kwa maneno yako mwenyewe si kosa. Mwaka 1984 Phoenix ikaanza kuuza BIOS ya namna hiyo kwa kampuni yoyote. Waliochukua njia ya mkato ya kunakili, kama Eagle na Corona, walishtakiwa na IBM mwaka huo huo. Na waandishi wa majarida wakawa na mtihani wao kwa kila mashine mpya: weka Lotus 1-2-3, weka mchezo wa Microsoft wa kurusha ndege. Ikishindwa, usiwaambie watu ni sawa na IBM.

Sasa swali la Mtanzania: sisi tulikuwa wapi vita hivyo vikipiganwa?

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa hiyo hatukuchelewa kuanza. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali. Sababu zake zilikuwa na maana kwa wakati ule: fedha za kigeni zilikuwa haba, na mradi wa kuweka hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikuwa umeleta hasara. Sipo hapa kuwahukumu wazee. Ninachosema ni hiki: mlango ulifunguliwa kikamilifu katika miaka ya 1990, na kufikia wakati huo vita vilikuwa vimekwisha. Karibu kila kompyuta iliyokuja ilikuwa imeshapatana na nyingine. Mwanafunzi wa Marekani wa mwaka 1983 alijifunza kwa uchungu wa mfuko wake kwamba kompyuta mbili zinazofanana si lazima zielewane. Sisi tulipokea kompyuta bila kupokea somo hilo. Tukaamini kompyuta ni kompyuta, kama sufuria ni sufuria.

Imani hiyo ndiyo inayofundishwa mpaka leo. Angalia kozi ya TEHAMA tunayoisoma sisi wa elimu mwaka wa kwanza. Nilifanya mtihani wake nikapata B+. Niliulizwa nitaje vifaa vinne vya kuingizia data na vinne vya kutolea. Niliulizwa maana ya kompyuta. Sikuulizwa hata mara moja: faili lisipofunguka, utafanya nini? Tumefundishwa pa kubonyeza. Hatukufundishwa kwamba chini ya kitufe kuna mapatano, na kwamba mapatano hayo yana tarehe, yana matoleo na yana mipaka. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka Rukwa, siku kitufe kinapokataa, anabaki na maelezo mawili tu: ni mbovu au imerogwa. Mimi niliongeza la tatu, mtandao.

Nimeshabishana na wenzangu hosteli kuhusu hili, na nayajua majibu yao. La kwanza: "Sisi si watu wa IT, hiyo ni kazi ya mafundi." Sawa, lakini fundi wangu alikuwa mjini na kipindi kilikuwa saa nne asubuhi. Shule nyingi za Kalambo au Nkasi fundi wao yuko mbali zaidi ya hapo. Mwalimu wa Sayansi hangoji fundi amwambie kwa nini taa ya maabara haiwaki. Hakuna anayetaka mwalimu wa Jiografia aandike BIOS. Tunataka ajue maswali manne ya kuuliza kabla hajawaahidi watoto.

Jibu la pili: "Serikali inunue kompyuta mpya, yaishe." Upya hauponyi ugonjwa huu. Mwaka 1987 IBM yenyewe, mama wa yote, ilitoa mashine mpya za PS/2 zenye nafasi za kadi za mtindo mpya, na kadi za zamani za wateja wake wenyewe hazikuingia. Mwaka uliofuata kampuni tisa zilizokuwa zikishindana, Compaq ikiwemo, ziliungana kutangaza mtindo mwingine unaozikubali kadi za zamani. Upya ule ule ndio uliowatoa machozi. Na tuangalie la leo: Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za umri fulani hazikidhi masharti ya Windows 11. Zikishatolewa kwenye maofisi ya wenzetu, baadhi zitakuja kwetu kama misaada. Zitakuja nyeusi, zimefutwa vumbi, zinafanana. Nani atauliza kilichomo ndani?

Jibu la tatu: "Siku hizi ni vishikwambi." Ni kweli, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na ni jambo jema. Lakini kishikwambi cha Android hakifungui programu iliyotengenezwa kwa Windows, hata ukikibembeleza. Tumeongeza aina ya jembe. Haja ya kuujua msuka ndiyo imekua.

Tena tusijidanganye kwamba kuelewana hakuwezekani. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umekuwa ukitoka Zambia. Nchi mbili, mashirika mawili, lakini taa inawaka, kwa sababu pande zote mbili zilikubali mizunguko 50 kwa sekunde kabla waya haujavuka mpaka. Kwenye programu pia mapatano ya wazi yapo. Muundo wa faili wa OpenDocument ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. PDF, inayoweza kubeba fonti zake yenyewe na hivyo haivurugiki ovyo, ikafuata mwaka 2008. Na hapa kwetu, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure na kwa Kiswahili. Wangapi kati yetu wa elimu tumewahi hata kuisikia?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nayaelekeza kwa walio karibu.

Kwanza, Kitivo cha Elimu kiongeze zoezi moja kwenye kozi ya TEHAMA. Kila mwanafunzi alete somo lake kwenye flashi, alifungue kwenye mashine tatu tofauti: ya zamani, mpya na kishikwambi. Aandike ukurasa mmoja: nini kimekataa, kwa nini, amerekebisha vipi. Zoezi hili halihitaji bajeti. Kompyuta kongwe tunazo, zimerundikwa stoo.

Pili, Serikali ya Wanafunzi ichapishe karatasi moja ya kubeba kwenye TP, yenye maswali manne ya kumuuliza mwalimu wa taaluma siku ya kuripoti. Mfumo endeshi ni upi na wa mwaka gani? Ni wa biti 32 au 64? Kumbukumbu ni kiasi gani? Programu ya slaidi inafungua faili za aina gani? Maswali haya hayazidi dakika tano. Mimi ningeyauliza siku ya kwanza, ningekuwa na wiki kadhaa za kujiandaa.

Tatu, klabu zetu zinazokusanya kompyuta za msaada kwa ajili ya shule za mikoani ziache kuhesabu idadi tu. "Tumepeleka kompyuta kumi" ni picha nzuri ya ukutani. Tuseme pia ndani yake mna nini, na tuwe tumefungua somo moja la kweli juu yake kabla hazijafungwa kwenye basi. Wale waandishi wa 1983 walikuwa na mtihani wao wa kurusha ndege. Wetu uwe somo la Kidato cha Pili.

Na wewe wa steshenari usiku wa leo: hifadhi nakala ya PDF. Dada hatakuambia faili lako bovu, na hata akisema, utajua la kumjibu.

Julai narudi TP, na nimeomba Rukwa tena. Flashi yangu sasa ina somo lile lile mara tatu: moja kwa muundo mpya, moja kwa muundo wa zamani, moja PDF. Programu ya mwendo wa ardhi nimetafuta toleo la biti 32, nimelijaribu kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, ikachukua dakika mbili kuwaka, lakini ikawaka. Nikipangiwa shule ile ile, yule binti atakuwa Kidato cha Tatu. Nitaanza kwa kumwomba radhi yeye na darasa lake kuhusu ule "mtandao", halafu nitamwachia kipanya.